Ruta ya kampuni na jedwali zima la intaneti: pima memori kwanza, ununuzi baadaye

Kampuni ya kuondoa mizigo bandarini ikikosa mtandao kwa saa moja, kazi inasimama. Fomu za forodha hujazwa mtandaoni, malipo pia, na mteja aliye Kampala au Kigali anataka kujua kontena lake limefika wapi. Ndiyo maana baadhi ya ofisi za Mombasa, hoteli kubwa, hospitali na vyuo zimechukua laini mbili kutoka kwa watoa huduma wawili, zikapata namba ya AS (inayotambulisha mtandao wao) na bloku ya anwani kutoka AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti Afrika, na kuanza kutumia BGP, lugha ambayo mitandao huambizana njia.

Hapo mtoa huduma hukuuliza: nikutumie jedwali zima la njia za intaneti, sehemu tu, au njia ya msingi pekee, ile inayobeba kila kisicho na njia yake? Wengi hujibu "zima", kwa sababu linasikika kama huduma iliyokamilika. Baada ya muda prosesa ya ruta inapanda, sesheni za BGP zinaanguka na kurudi bila mpango, na mkurugenzi anaambiwa anunue mashine mpya kwa bei ya gari.

Mwongozo huu ni wa fundi anayesimamia ruta hiyo. Msimamo wangu nausema mapema: ofisi nyingi za hapa hazihitaji jedwali zima, na nyingi kati ya zile zinazolihitaji zinaweza kulibeba kwa ruta iliyopo, mradi fundi ajue ni memori ipi inayojaa.

Hatua ya 1: Tofautisha memori mbili

Ruta inayobeba BGP huweka njia mahali pawili.

Pa kwanza ni RAM ya kawaida. Humo BGP inahifadhi kila njia iliyoambiwa na kila jirani, yaani kila ruta ya nje inayozungumza nayo. Ukiwa na watoa huduma wawili wanaokutumia jedwali zima, kila mahali duniani unapajua mara mbili. Kutoka kwenye rundo hilo ruta inachagua njia iliyo bora na kuiandika kwenye RIB, orodha ya njia zilizochaguliwa.

Pa pili ni FIB, orodha inayotumika kusukuma pakiti zenyewe. Katika ruta na swichi kubwa, FIB hukaa ndani ya chipu maalumu, mara nyingi aina ya TCAM, yenye nafasi iliyopimwa kiwandani. Fikiria geti la bandari. Ofisini kuna faili lenye maelezo yote ya kila lori, lakini askari aliye getini ana orodha fupi: lori hili pita kulia, hili kushoto. Faili la ofisini linaweza kuongezwa rafu, ila karatasi ya getini ina mistari yake na haiongezeki.

Kutokana na tofauti hiyo kuna mambo mawili ambayo naona mafundi wengi wakiyachanganya.

La kwanza, ukiongeza mtoa huduma wa tatu, RAM itatumika zaidi lakini TCAM haitabadilika sana, kwa kuwa FIB inabeba njia moja bora kwa kila mahali (isipokuwa kama umewasha kugawanya trafiki kwenye njia kadhaa kwa pamoja). La pili, kama TCAM ndiyo imejaa, kuongeza RAM hakutasaidia hata kidogo. Fedha imetoka na tatizo liko palepale.

Ruta zinazosukuma pakiti kwa programu, kama nyingi za MikroTik na zile zinazojengwa juu ya kompyuta ya kawaida, hazina TCAM. Kwao FIB nayo imo ndani ya RAM, kwa hiyo swali ni RAM na nguvu ya prosesa. Lakini angalia: baadhi ya modeli mpya zina chipu ya kuharakisha pakiti, na chipu hiyo ina jedwali dogo kuliko la intaneti nzima. Njia zisizoingia humo hurudi kwa prosesa.

Kilichotokea 12 Agosti 2014

Kisa hiki kinafaa kujulikana na kila anayeshika ruta. Swichi za Cisco za familia ya Catalyst 6500 na ruta za 7600 zilikuwa zimetapakaa duniani. Hata zile zenye kadi kubwa zilikuja na TCAM iliyogawanywa tangu kiwandani: nafasi 512,000 za IPv4 na MPLS, na nyingine 256,000 za IPv6 na multikasti. Chipu yenyewe ilikuwa na nafasi ya zaidi ya milioni moja, ila mgao ndio uliofunga, na njia moja ya IPv6 ilikula nafasi mbili.

Jedwali la IPv4 lilikuwa likikaribia 512,000 polepole. Siku hiyo Verizon ikamwaga kwa bahati mbaya njia ndogondogo zipatazo 15,000, mstari ukavukwa kwa muda, na mitandao mingi ikatetereka kwa wakati mmoja. Wengi walikuwa na vifaa vilivyoweza kubeba mzigo huo kama wangekuwa wamebadilisha mstari mmoja wa usanidi na kuwasha upya. Mwaka 2019 mstari mwingine, wa 768,000, ukafikiwa, na waliokuwa wameutumia kama mgao mpya wakajikuta palepale.

Leo jedwali la IPv4 liko karibu na njia milioni moja, na la IPv6 limepita 200,000. Kifaa kilichoandikwa "milioni moja" kwenye karatasi ya sifa zake kinakosa nafasi ya kupumulia. Na vifaa vya mitumba vya enzi zile bado vinauzwa, muuzaji akikuhakikishia kwamba "vinabeba BGP". Ni kweli, BGP vinabeba. Muulize vinabeba njia ngapi.

Hatua ya 2: Pima

Usianze na makisio. Ingia kwenye ruta sesheni zote zikiwa juu, uandike namba.

Kwa Cisco:

show ip bgp summary
show ip route summary
show ip cef summary
show memory statistics
show platform resources

Kwa 6500 na 7600 ongeza:

show mls cef maximum-routes
show mls cef summary

Kwa Juniper:

show route summary
show chassis routing-engine
show task memory

Kwa MikroTik yenye RouterOS 7:

/routing/route/print count-only
/system/resource/print

Kwenye `show memory statistics` watu huangalia safu ya memori iliyo huru sasa hivi, wakaridhika. Mimi naanzia safu iliyoandikwa Lowest. Hiyo inakuonyesha kiwango cha chini kabisa ambacho memori huru imewahi kufika tangu ruta iwashwe. BGP haili memori kwa usawa: sesheni inapoanguka na kurudi, njia mpya zinaingia huku za zamani hazijafutwa zote, na kwa dakika kadhaa matumizi hupanda. Ruta inayoonyesha gigabaiti moja huru mchana wa leo inaweza kuwa ilibakiwa na megabaiti chache usiku ule laini ilipokatika.

Kwenye mashine za IOS XE, mfumo wa ruta nyingi mpya za Cisco, kumbuka kwamba `show memory` inaonyesha sehemu iliyotengewa mchakato wa IOS tu. Chini yake kuna Linux na michakato mingine inayogawana RAM ileile. Ndiyo sababu ya kuongeza `show platform resources`.

Kisha soma logi. Ukiona MALLOCFAIL, au sesheni ya BGP imeanguka na sababu ni "No memory", tatizo ni RAM. Dalili yake ya kawaida ni mzunguko: memori inaisha, sesheni inaanguka, memori inaachiliwa, sesheni inarudi, jedwali linajaa tena, inaanguka tena. Ukiona ujumbe wa FIB kuzidiwa, unaosema baadhi ya njia zitashughulikiwa na programu, tatizo ni TCAM. Hapo sesheni hazianguki. BGP inaonekana nzima, kila kitu kina alama ya kijani, ila prosesa imepanda kileleni na watumiaji wanalalamika kwamba tovuti fulani zinafunguka na nyingine zinakokota. Hali hii ya pili huwachosha mafundi kuliko ya kwanza, kwa sababu pingi kwenda sehemu kubwa ya dunia inajibu vizuri.

Hatua ya 3: Piga hesabu

`show ip bgp summary` inakupa mistari miwili yenye thamani: idadi ya mitandao na baiti inazotumia, kisha idadi ya njia na baiti zake. Gawanya baiti kwa idadi, upate gharama ya kila kimoja kwenye mashine yako wewe. Kwa kawaida utaona mtandao mmoja unakula baiti mia mbili na kitu, na njia moja mia moja na kitu, lakini amini namba ya ruta yako kuliko hizi.

Mitandao haiongezeki kwa kuongeza jirani, njia ndizo zinazoongezeka. Kwa hiyo jirani wa kwanza ni ghali, wa pili ni nafuu. Tuseme mtandao mmoja ni baiti 250 na njia moja ni 130. Jedwali la milioni moja kutoka kwa jirani mmoja ni kama megabaiti 380 ndani ya BGP pekee. Jirani wa pili anaongeza 130 tu. Juu yake weka RIB na FIB, ambazo kwa pamoja zinaweza kufikia au kuzidi hesabu hiyo ya kwanza, halafu IPv6, halafu nafasi ya ule mpando wa muda niliousema.

Ukitaka jedwali zima, hakikisha baada ya hesabu hizo zote theluthi ya RAM na theluthi ya TCAM vimebaki wazi. Ongezeko la IPv4 limepoa miaka ya karibuni, lakini la IPv6 linaendelea, na kwenye chipu nyingi njia ya IPv6 ni ghali zaidi. Pia angalia kama umewasha ukaguzi wa anwani ya chanzo, ule unaoitwa uRPF: katika baadhi ya vifaa hupunguza uwezo wa jedwali hadi nusu.

Hatua ya 4: Jiulize kama unalihitaji

Kuna dhana kwamba ukitangaza bloku yako ya anwani kwa watoa huduma wawili, lazima nawe upokee njia za dunia nzima. Hakuna sharti kama hilo. Kutangaza na kupokea ni mambo mawili tofauti, na unaweza kutangaza /24 yako (bloku ya anwani 256) kote duniani huku ukipokea njia moja tu ya msingi kutoka kila upande.

Halafu tazama trafiki yako inaelekea wapi. Ofisi hupokea kuliko inavyotuma: barua pepe, video, masasisho ya programu, mifumo iliyoko kwenye seva za mbali. Jedwali zima linakusaidia kuchagua mlango wa kutokea tu. Mlango wa kuingilia unachaguliwa na wengine, kule waliko, kwa kuangalia tangazo lako. Kwa hiyo ofisi inayojaza RAM kwa njia milioni moja inaboresha upande mwembamba wa trafiki yake. Ukitaka kuelekeza trafiki inayoingia, shughulikia matangazo yako: rudia namba yako ya AS upande unaotaka upumzike, au tumia komyuniti, alama zinazobandikwa kwenye matangazo, ambazo mtoa huduma amezichapisha kwa wateja wake.

Lakini kuna hoja nzito upande wa pili, na kwa Mombasa hoja hiyo si ya vitabuni. Kebo za baharini zinatua hapa hapa kwetu: SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy 2010, LION2 2012, na nyingine zimefuata. TEAMS inakwenda Fujairah. EASSy inateremka hadi Mtunzini, Afrika Kusini. SEACOM ina mkono wa kaskazini kupitia Bahari ya Shamu na mkono wa kusini. Februari 2024 mkono wa SEACOM kati ya Mombasa na Misri ulikatika katika Bahari ya Shamu. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo EASSy na SEACOM zikakatika upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikahisi.

Kebo ikikatika, ruta ya mtoa huduma iliyo Mombasa inabaki imewaka. Laini yako kwenda kwake ni nzima, sesheni ya BGP iko juu, na anaweza kuendelea kukutangazia njia ya msingi ilhali hana pa kuipeleka. Mwenye jedwali zima ataona njia zikiondolewa na ruta yake itahama yenyewe. Mwenye njia ya msingi pekee atakaa anatuma pakiti shimoni. Hili ndilo jambo la kulitatua kabla hujaacha jedwali zima, na hatua ya 6 inalitatua bila kununua chochote.

Kabla ya yote waulize watoa huduma wako wote wawili, kwa maandishi: trafiki yangu ya nje inapita kebo ipi, na ya akiba ni ipi? Ukikuta wote wako kwenye kebo moja, jedwali zima, nusu au robo halitakuokoa siku ikikatika. Badilisha mmoja wao kwanza, mengine yafuate.

Hatua ya 5: Punguza mzigo bila kununua kitu

Anza na nakala usiyoihitaji. Kwenye Cisco tafuta mstari huu:

neighbor 192.0.2.1 soft-reconfiguration inbound

Mstari huo unaiambia ruta ihifadhi kila njia ilivyopokelewa, kabla ya vichujio, pembeni ya nakala inayotumika. Uliwekwa zamani ili mtu aweze kubadilisha kichujio bila kuangusha sesheni. Tangu mwaka 2000 kuna utaratibu wa kumwomba jirani arudie njia zake, na karibu kila ruta inaujua. Hakikisha:

show ip bgp neighbors 192.0.2.1 | include refresh

Ukiona umetangazwa na kupokelewa, ondoa mstari ule. Baadaye ukibadilisha kichujio tumia `clear ip bgp 192.0.2.1 in`, sesheni haitaanguka.

Juniper ina tabia yake: njia zilizokataliwa na sera huendelea kukaa kwenye memori, zimefichwa. Ukiweka `keep none` kwa jirani huyo, zilizokataliwa zinatupwa. MikroTik ya RouterOS 7 nayo ina mtego uleule, na wengi wananaswa. Fundi anaandika kichujio cha kawaida kinachokataa njia laki tisa, anaangalia RAM, haijashuka. Sababu ni kwamba kichujio hicho kinaziwekea alama ya kukataliwa tu, bado zimo jedwalini. Cha kutumia ni `input.accept-nlri` pamoja na orodha ya anwani: hapo zisizotakiwa zinatupwa kabla ya kuhifadhiwa. Nimeona mtu akiagiza ruta kubwa zaidi kwa jambo ambalo mstari mmoja ungelimaliza.

Sasa chagua njia za kubaki nazo. Ombi bora ni kwa mtoa huduma mwenyewe: akutumie njia ya msingi pamoja na njia zake na za wateja wake. Hilo hukupa sehemu yenye faida. Benki iliyo kwa mtoa huduma A unaifikia moja kwa moja kupitia A, ya kwa B kupitia B, na dunia iliyobaki inakwenda na njia ya msingi. Kama pia umeunganishwa na KIXP ya Mombasa, mahali ambapo mitandao ya hapa hubadilishana trafiki, pokea njia zote za pale. Ni chache mno ukilinganisha na jedwali la dunia, na kila moja inakuepusha na safari ya kwenda Ulaya na kurudi ili kumfikia jirani aliye mtaa wa pili.

Mtoa huduma akisema hana mpango huo, chuja mwenyewe. Kwa namba ya AS yake, tuseme 64500:

ip as-path access-list 10 permit ^64500_[0-9]*$

Mstari huo unapitisha njia zake mwenyewe na za walio hatua moja nyuma yake. Una kasoro moja: mteja wake aliyerudia namba yake ya AS mara mbili tatu hatapita. Kwa kuwa una njia ya msingi, utamfikia tu, ila si lazima kwa mlango uliokusudia.

Njia nyingine ni kuchuja kwa ukubwa wa bloku. Zaidi ya nusu ya jedwali la IPv4 ni /24. Ukikubali hadi /22 pekee, unabaki na jedwali ambalo vifaa vingi vya kati vinalibeba bila shida:

ip prefix-list HADI-22 seq 5 permit 0.0.0.0/0 le 22

Mstari huo unapitisha pia njia ya msingi yenyewe, na ni lazima iwepo. Bila hiyo, kila /24 isiyo na bloku kubwa inayoifunika itapotea kwako, na utapokea simu kuhusu tovuti moja tu isiyofunguka kwa mhasibu. Weka kichujio kilekile kwa majirani wote wawili. Ukichuja kwa A ukamwacha B, sehemu kubwa ya trafiki itaegemea kwa B, kwa sababu njia ya bloku ndogo zaidi ndiyo hushinda.

Hatua ya 6: Linda njia ya msingi dhidi ya kebo iliyokatika

Kataa njia ya msingi ya BGP kutoka kwa mtoa huduma wa kwanza, uiandike kwa mkono ikiwa imefungwa kwenye kipimo cha mbali. Ya mtoa huduma wa pili ipokee kwa BGP kama akiba. Kwenye Cisco inakuwa hivi, 192.0.2.1 ikiwa ruta ya mtoa huduma wa kwanza na 198.51.100.77 ikiwa mahali pa kupima:

ip route 198.51.100.77 255.255.255.255 192.0.2.1
ip sla 10
 icmp-echo 198.51.100.77
 frequency 10
ip sla schedule 10 life forever start-time now
track 10 ip sla 10 reachability
 delay down 30 up 120
ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 192.0.2.1 track 10

Mstari wa kwanza hauna mjadala. Unabana kipimo kipite kwa mtoa huduma wa kwanza peke yake. Ukiuacha, kebo ikikatika njia itahama, kipimo kitajibiwa kupitia mtoa huduma wa pili, ruta itadhani mambo yametengemaa, itarudi kwa wa kwanza, na itakuwa inacheza hivyo usiku kucha. Ucheleweshaji wa sekunde 30 na 120 ni wa kuzuia kuhamahama kwa kila pakiti iliyopotea.

Mahali pa kupima ndipo penye uzito wa kazi yote. Usitumie 8.8.8.8 na nyingine za namna hiyo. Anwani hizo zinajibiwa na seva nyingi zilizotawanywa duniani, na inayokujibu huenda iko Nairobi au Mombasa hii hii. Kebo za baharini zote zikatike, itaendelea kukujibu kwa furaha. Mwombe mtoa huduma anwani ya ruta yake iliyo ng'ambo ya bahari, Marseille au London kwa mfano, inayoruhusu pingi. Bora zaidi pata mbili, ufanye njia ianguke pale tu zote mbili zinapokosa kujibu, maana ruta moja ya mbali inaweza kuwa kwenye matengenezo.

Kitu kizuri cha mpangilio huu ni kwamba njia za ndani za mtoa huduma wa kwanza zinabaki kazini hata njia ya msingi ikianguka. Benki na ofisi za serikali zilizo kwake bado unazifikia kwa mlango uleule.

Hatua ya 7: Weka ukomo

Hata ukiomba njia elfu chache, siku moja mtu upande wa pili anaweza kukosea na kukumwagia milioni. Fanya hivi:

neighbor 192.0.2.1 maximum-prefix 50000 80 restart 15

Kwa maana kwamba onyo litoke kwenye asilimia 80, sesheni ikatwe ikivuka 50,000, na ijaribu tena baada ya dakika 15. Namba iweke karibu mara mbili ya unachopokea kawaida. Wanaobeba jedwali zima nao waweke ukomo, chini ya uwezo halisi wa TCAM, na waukague kila mwaka. Ukomo uliosahaulika huja kukuangushia laini nzima bila kosa la mtu yeyote, kwa sababu tu intaneti imekua.

Hatua ya 8: Kama bado unahitaji jedwali zima

Wapo wanaolihitaji kweli: anayeuza intaneti kwa wengine, mwenye seva zinazotuma trafiki nyingi nje, na mwenye laini tatu au nne kwenye kebo tofauti.

Kama RAM inatosha na FIB ndiyo imebana, Cisco inaruhusu kubaki na jedwali zima ndani ya BGP huku ukishusha sehemu tu kwenye RIB na FIB:

route-map SHUSHA permit 10
 match ip address prefix-list HADI-22
router bgp 64496
 address-family ipv4
  table-map SHUSHA filter

Unaona kila kitu kwa uchunguzi, ila kinachoingia kwenye chipu ni ulichochagua. Sharti la njia ya msingi ni lilelile.

Kama bado uko na 6500 au 7600 yenye kadi kubwa, `mls cef maximum-routes ip 1000` inahamisha karibu TCAM yote kwa IPv4. Inahitaji kuwasha upya, na IPv6 inabaki na nafasi kiduchu isiyotosha jedwali lake. Kwa jedwali la leo hata elfu hizo 1,000 ziko ukingoni, kwa hiyo itumie kama daraja la miezi michache wakati bajeti inatafutwa.

Ukifika dukani, uliza uwezo wa FIB kwa IPv4 na IPv6 zikiwa pamoja, kwa wakati mmoja. Karatasi nyingi huandika "milioni 2 za IPv4 au milioni 1 za IPv6", na hilo neno "au" lina gharama. Uliza kama namba hiyo inahitaji leseni ya ziada au RAM kubwa kuliko inayokuja na mashine. Uliza pia jedwali zima linachukua muda gani kuingia baada ya kuwashwa, kwa sababu ruta yenye memori ya kutosha na prosesa dhaifu inaweza kukuacha dakika nyingi gizani. Na swichi ya tabaka la tatu yenye nafasi ya njia elfu chache usiifikirie kwa kazi hii, hata muuzaji akikupunguzia bei mara ngapi.

Kazi ya kubadilisha ifanye wakati kampuni imetulia. Kwa walio karibu na bandari usiku haumaanishi utulivu, meli hupakuliwa saa zote, kwa hiyo zungumza na watu wa operesheni wakutajie saa yao nyepesi. Hifadhi usanidi wa zamani nje ya ruta, uwe na njia ya kuingia kwa kebo ya konsoli, na ugeuze jirani mmoja tu kwa wakati. Mwache wa kwanza akae siku nzima kwenye mpangilio mpya, na uangalie tena ile safu ya Lowest kabla ya kumgusa wa pili.